Imara na Tuendelee: mzee wa Lubumbashi analalamikia nini hasa?

Mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ziko shule mbili kongwe ambazo majina yake, ukiyaweka pamoja, yanabeba ubishi mzima wa makala haya. Ya kwanza ni ya Wasalesiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, iliyofunguliwa mwaka 1912, miaka miwili tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa kwa jina la Elisabethville. Kwa muda mrefu ilijulikana kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales, kisha ikaitwa Imara. Ya pili ni ya wasichana, nayo inaitwa Tuendelee. Neno moja linamtaka mtu asitikisike, na jingine linamtaka asisimame.

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa, ambao hapa kwetu huitwa Egzeta, yanapotoka, vijana waliofaulu hujimwagia poda nyeupe kichwani, mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo hujaa nyimbo na honi, na katika baraza nyingi hukosi kumwona mzee mmoja anayetikisa kichwa. Kwetu mzee huyo alikuwa babu yangu, ambaye tulimwita Kambo kama watu wengi wa mji huu wanavyomwita mzazi wa mzazi wao. Alikuwa mstaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, aliishia darasa la sita, na bado aliweza kuandika barua ya Kifaransa isiyo na kosa hata moja la tahajia. Lalamiko lake halikubadilika mwaka hata mwaka: masomo yameanguka kwa kuwa watoto wameachiwa uhuru, na uhuru huo umeletwa na mila za kigeni zilizotusahaulisha zetu.

Lalamiko hilo husikika kama hoja moja, kumbe ni tatu zilizofungwa kwa kamba moja. Kwanza, kwamba kiwango cha elimu kimeshuka. Pili, kwamba chanzo cha kushuka huko ni uhuru wa mtoto. Tatu, kwamba uhuru wenyewe ni tunda la utamaduni wa watu wengine. Mtu anaweza kuikubali ya kwanza, akaikataa ya pili, na akaitilia shaka ya tatu, lakini barazani hapatolewi nafasi hiyo, kwa sababu mzee huzitoa zote kwa pumzi moja na kijana huzikataa zote kwa pumzi moja. Nia yangu ni kuifungua kamba hiyo. Wala sikusudii kumcheka mzee. Kadiri umri wangu unavyosogea, najikuta upande wake mara nyingi kuliko nilivyotarajia nilipokuwa na miaka 20.

Mtu anaposema “zamani” katika mji huu, inafaa aulizwe kwanza anakusudia zamani ipi, kwa sababu ziko tatu, na hazifanani.

Iko zamani ya kabla ya ubao na chaki. Katika ufalme wa Waluba, kaskazini mwa mji wetu, palikuwa na chama kilichoitwa Mbudye, ambacho kazi yake ilikuwa kutunza historia ya wafalme na miiko ya utawala. Chombo chake cha maarifa kilikuwa lukasa, kibao cha mti cha kushikwa mkononi, kilichopachikwa shanga na simbi na kuchongwa alama, ambacho msomaji alikipitishia kidole huku akisimulia safari za mababu, vituo vyao na mipaka ya mamlaka yao. Mwanachama alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na waliofika ngazi za juu ndio pekee walioweza kukisoma kibao hicho. Upande wa magharibi, kwa Walunda na Wachokwe, wavulana waliingia mukanda, kambi ya jando iliyojengwa nje ya kijiji, wakatahiriwa humo, wakafundishwa nyimbo, uvumilivu na mambo ya utu uzima mbele ya vinyago vilivyosimama mahali pa wahenga. Mshika mila ana haki ya kujivunia elimu hiyo, kwa maana ilikuwa na viwango vikali, na lukasa haikukabidhiwa kwa mtu kwa sababu tu ya kukaa miaka kadhaa mbele ya mwalimu. Hata hivyo, maarifa yake ya juu yalikuwa siri ya wachache, na swali la mtoto kuchagua ajifunze nini halikuwapo kabisa.

Zamani ya pili ndiyo Kambo aliyoijua kwa mwili wake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo baadaye ilikuja kuwa Gécamines, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwataka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto wao, badala ya kutegemea vibarua wanaokuja na kuondoka. Iliwapa nyumba, hospitali, posho ya chakula na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Kwa upande wake ilikagua usafi wa nyumba, ilihesabu watoto na ilifuatilia hata mambo ya ndoa. Nidhamu aliyoisifu Kambo, yaani kengele, mstari, kucha fupi na shati lililopigwa pasi, haikutoka kwa wahenga wa Kiluba wala wa Kibemba wala wa Kilamba. Ilitoka kwa kampuni ya madini iliyohitaji watu wa kufika kazini kwa saa, na kwa wamisionari waliohitaji waumini watulivu. Shule hizo zilifundisha vizuri kile zilichokubali kufundisha, lakini zilikuwa na kikomo kilichowekwa makusudi: kwa wengi masomo yaliishia elimu ya msingi, na nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima.

Zamani ya tatu ni ile ya Rais Mobutu, aliyetaka nchi irudie asili yake. Mwezi Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka uliofuata watu wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Wanaume wakavua tai na kuvaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, wanawake wakakatazwa suruali na kutakiwa wajifunge vitenge. Mwishoni mwa 1974 serikali ikazitwaa shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa ili kupisha mafundisho ya siasa ya chama. Mambo yalipokwenda mrama, serikali na makanisa wakatia saini mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, ambao hadi leo ndio msingi wa shule zetu nyingi: serikali ndiyo mwenye shule, kanisa ndilo msimamizi. Enzi hiyo ya “uasilia” ndiyo iliyozivika shule zetu majina ya Kiswahili. Kwa hiyo yale ambayo kijana wa leo anayaona kuwa mila ya kale, mengine yana umri wa mama yake, tena yaliletwa kwa amri ya serikali. (Kitenge chenyewe, ambacho tunakitetea kama ngozi yetu, asili ya ufundi wake ni batiki za Java, na walioufikisha Afrika kwa wingi ni wafanyabiashara wa Kiholanzi. Sisemi hivyo ili mama zetu wakivue.)

Baada ya kujua zamani ziko tatu, turudi kwenye kiwango cha elimu, kwa kuwa hapo ndipo mzee ana hoja nzito zaidi, na hapo ndipo sababu anazozitoa zinapokwenda kombo.

Je, kiwango kimeshuka? Kambo alitoa ushahidi wake mwenyewe: yeye wa darasa la sita aliandika Kifaransa bora kuliko mjukuu mwenye diploma ya serikali. Ushahidi huo una kweli, lakini una mtego pia. Darasa la Kambo lilikuwa la watoto waliochujwa mwaka baada ya mwaka, na wale walioachwa njiani hawapo barazani leo kupima tahajia yao na ya mtu yeyote. Anayelinganisha aliyebaki katika chujio la jana na kila mtoto aliyemwagwa katika darasa la leo, analinganisha unga na mahindi. Mtihani wa taifa ulianzishwa mwaka 1967 ili diploma ya Lubumbashi na ya Mbandaka zipimwe kwa kipimo kimoja, na mwenye asilimia 50 anahesabiwa kuwa amefaulu. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu kati ya kadhaa yaliyoandikwa, ingawa insha ya Kifaransa ipo katika sehemu inayotangulia. Kambo alidharau maswali ya kuchagua. Alisema ni kama kumpa mtu funguo tano na kumwambia moja itafungua. Katika hilo namuunga mkono, japo najua hakuna serikali inayoweza kusahihisha kwa mkono kurasa za insha za maelfu kwa maelfu ya watahiniwa kwa kila somo.

Hata tukiondoa mtego huo, kuanguka kupo, na kuna miaka yake. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ilipoacha karibu kabisa kuwalipa walimu, migomo ilifunga madarasa, na ili shule zifunguliwe, wazazi wakakubali kumchangia mwalimu fedha iliyoitwa primu. Ilitarajiwa kuwa dawa ya muda. Huku Katanga, jimbo letu la madini, mapigo yalikuja kwa mfululizo: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990 na Gécamines ikapiga magoti, mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi, na walimu wengi walikuwa miongoni mwao, kisha mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara. Shule za kampuni, ambako baba hakujua hata bei ya daftari la mtoto, zikawa shule za kulipia.

Sasa fikiria primu inafanya nini ndani ya darasa. Mwalimu ambaye mkate wake unatoka mfukoni mwa baba wa mwanafunzi hawezi kumwambia baba huyo, kwa sauti ileile ya zamani, kwamba mtoto wako hajui kusoma na atarudia mwaka. Mkuu wa shule ambaye mapato yake yanategemea idadi ya wanafunzi hawezi kumfukuza mtukutu kwa wepesi. Mwanafunzi, naye, si mjinga. Anaona bahasha inapita kutoka kwa mama kwenda kwa mwalimu, na anaelewa nani mwajiri na nani mwajiriwa. Kiburi ambacho mzee anakiona uwanjani, akakiita uhuru wa kigeni, kwa sehemu kubwa kilizaliwa hapo. Hakuna Mzungu aliyekuja kumfundisha mtoto wa Katuba kumdharau mwalimu. Alifundishwa na risiti.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, iliandika kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Maneno hayo yalibaki kwenye karatasi mpaka Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamua yatekelezwe. Jambo hilo lilikuwa la haki, na watoto waliokuwa wakiuza karanga njiani waliingia darasani. Lakini madawati hayakuzaliana kwa amri, walimu wengi walikuwa bado wanangoja kuingizwa katika orodha ya mishahara, na elimu ya sekondari iliendelea kulipiwa. Mshika mila mwenye haraka husema: mmeona, kila kitu kikiwa bure hakina thamani. Hoja hiyo naikataa. Shule ya kambini aliyosoma yeye ilikuwa bure, na akaithamini hadi kifo chake. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa bure na mwalimu wake amelipwa.

Tuje kwenye uhuru. Wazee hupenda kutetea malezi ya kale kwa methali, nami napenda kuzisoma methali hizo kwa makini, kwa sababu mara nyingi zinasema jambo tofauti na anayezitaja. “Samaki mkunje angali mbichi.” Anayeamrishwa humo ni nani? Ni mkunjaji. “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.” Mtendaji wa kitenzi cha kwanza ni wewe unayelea. “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.” Kosa hapo limewekwa mlangoni pa mama, au tuseme pa ukoo mzima uliomzunguka, kabla ya kufika kwa mtoto. Lugha yetu, inapozungumza juu ya malezi, humhesabia mkubwa. Mzee anayesimama barazani kuwalaumu watoto ameshika methali kwa upande wa makali.

Lugha hiyohiyo inatupa maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana: kuachiwa na kuachwa. Mtoto anayeachiwa ni yule ambaye mkubwa amempima, akaona anaweza, akalegeza mkono huku jicho likibaki. Mtoto anayeachwa hana aliyempima. Baba aliyepoteza kazi kiwandani sasa anachimba madini kwa mkono mbali na mji na hurudi baada ya majuma. Mama anatoka kabla jua halijachomoza kuwahi nafasi yake katika soko la mtaa wa Kenya na anarudi gizani. Simu ndiyo inayokaa na mtoto. Huyu tunasema ana uhuru mwingi. Hana, ameachwa. Kumwongezea makatazo, kumnyang'anya simu au kumchagulia msuko wa nywele, hakumrudishii mtu wa kumtazama.

Lakini sitaki kumwokoa mshika mila kwa kumfanyia hoja iwe nyepesi kuliko ilivyo, kwa kuwa upo mgongano wa kweli. Binamu yangu alipomaliza mwaka wa nane alitaka kuingia mkondo wa hisabati na fizikia. Kambo alitaka asome ushonaji, akisema kwamba mke anayehesabu nyota hatahesabu chumvi. Hapo hapakuwa na primu wala mgodi wa kulaumiwa. Palikuwa na mzee anayedhani heshima ya ukoo inampa haki juu ya akili ya msichana, na msichana anayedhani akili ni yake. Katiba, katika kifungu cha 40, inasema kwamba kuwalea na kuwaelimisha watoto ni haki ya asili ya wazazi na pia ni wajibu wao, wanaoutimiza chini ya mamlaka ya serikali na kwa msaada wake. Maneno “haki” na “wajibu” yamewekwa ubavuni mwa kila mmoja, na familia nyingi husoma la kwanza tu. Katika shauri hilo Kambo alikosea, na nilimwambia hivyo kwa adabu yote inayompasa mjukuu, yaani kwa kuzungukazunguka sana. Kilichomtuliza hatimaye ni mwalimu mmoja mzee wa rika lake, aliyekuja nyumbani, akakaa chini, akanywa maji, kisha akamweleza kwamba msichana huyo angeipoteza bure akili yake kwenye sindano. Aliyempa binti uhuru wake alikuwa mtu mzima mwenye heshima, kwa utaratibu wa kimila kabisa.

Kuhusu dai la tatu, kwamba mabadiliko yote ni ya kigeni, nitasema machache, maana historia ya zamani tatu imekwisha kulijibu kwa sehemu kubwa. Kinachostahili kuangaliwa kwa utulivu ni lugha. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa au za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia na pia zifundishwe kama somo. Hata hivyo, mimi nilisoma katika shule ambako kusema Kiswahili wakati wa mapumziko lilikuwa kosa la kuadhibiwa, na aliyenipeleka huko, akauza baiskeli ili nilipiwe, alikuwa Kambo huyohuyo mtetezi wa mila. Nilipomuuliza, alijibu kwamba mila hufundishwa nyumbani na Kifaransa hununuliwa. Ni jibu la mtu aliyepigwa na dunia, na sithubutu kulidharau. Ila linakubali, bila kusema, kwamba utamaduni unaotetewa barazani umenyimwa kiti darasani na haohao wanaoutetea.

Tena pana ugumu mwingine ambao washika mila wetu hawautaji. Kiswahili kipi? Kile cha Lubumbashi kilikulia katika makambi ya kampuni na mitaa yake, kikachanganya Kiluba, Kibemba, Kilamba na Kifaransa, na kinatofautiana sana na kile cha vitabuni. Kwa maneno mengine, lugha ambayo Kambo alilaania mabadiliko ilikuwa yenyewe zao la mabadiliko.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, kitukuu chake wa darasa la tatu alikaa karibu naye akifanya kazi ya nyumbani. Kambo alitaka kumsaidia, akamtajia sentensi polepole ili aiandike: “Batoto banakuya ku masomo.” Mtoto aliinua kalamu, akasema kwamba mwalimu amewafundisha kuandika “Watoto wanakuja shuleni.” Tulinyamaza wote, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsahihisha Kambo katika jambo la kuandika. Yeye akavaa miwani yake, akauvuta karibu mkono wa mtoto, akalitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hiyo “wa” ya mwanzo ndiyo inayoirudisha ile “wa” ya katikati, au kama mwalimu ameipachika tu.